Simu ikumbushe, mtu ajibu: kumsaidia mgonjwa kufuata dawa baada ya upasuaji

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wahamasishaji wa afya vijijini (RECO), kamati za amani, na kila familia inayomtunza ndugu aliyetoka kupasuliwa. Linaweza kusomwa katika kikundi kwa muda wa saa moja na nusu. Anayeongoza asome kila sehemu kwa sauti, kisha awape watu nafasi ya kusema yale wanayoyaona katika mtaa au kijiji chao.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili, kila mshiriki aweze:
- kueleza kwa nini wagonjwa wengi huacha dawa wakiwa nyumbani;
- kupanga kengele ya simu pamoja na mgonjwa, bila kukosea saa;
- kuandika ujumbe unaomkumbusha mgonjwa bila kufichua siri yake;
- kuonyesha jinsi ufuatiliaji mzuri wa mgonjwa unavyojenga imani kati ya wananchi na hospitali, na jinsi ule mbaya unavyoibomoa.

1. Upasuaji hauishi mlangoni mwa hospitali

Mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji salama, familia hushukuru na kusema kazi imekwisha. Kwa kweli, sehemu moja ya kazi ndiyo inaanza. Ambukizo la jeraha la upasuaji linaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya kupasuliwa. Katika siku hizo nyingi mgonjwa yuko nyumbani, mbali na macho ya daktari.

Hapa Kivu na Ituri, neno "nyumbani" lina uzito wake. Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua, kijana aliyetolewa risasi mguuni, au mwanamke aliyetengenezwa fistula, anaweza kurudi kijiji ambacho ni mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini. Mwingine hana kijiji cha kurudi. Anafikia kwa jamaa au katika kambi ya wahamaji, na wiki inayofuata amehama tena. Anuani yake imebadilika. Mara nyingi kitu kimoja tu hakikubadilika: namba ya simu, yake mwenyewe au ya mtu aliye karibu naye.

Dawa anazopewa si za aina moja. Kuna za kutuliza maumivu, kama parasetamoli. Kuna antibiotiki, kwa yule ambaye daktari ameona anazihitaji. Kuna za kuongeza damu, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mama aliyejifungua anaweza kupewa kwa wiki 6 hadi 12. Tena kuna dawa ambazo mgonjwa alikuwa akizimeza tangu zamani, kama za kisukari, za shinikizo la damu au za virusi vya Ukimwi. Hizi mara nyingi husahauliwa kwa sababu kila mtu anafikiria jeraha peke yake.

Tuseme pia jambo moja lililo wazi: si kila aliyepasuliwa anahitaji antibiotiki nyumbani. Mwaka 2016 WHO ilishauri kwamba antibiotiki za kuzuia ambukizo zisiendelezwe baada ya upasuaji kwisha, bila sababu nyingine. Kwa hiyo simu ikumbushe dawa zilizoandikwa na daktari tu. Isikumbushe vidonge vilivyonunuliwa sokoni kwa ushauri wa jirani.

2. Kwa nini watu huacha dawa?

Ni rahisi kusema "wagonjwa wetu ni wasahaulifu". Lakini tukiuliza kwa upole, tunasikia sababu nyingine:

*Maumivu yamekwisha.* Mtu akiona anaweza kutembea, anasema amepona. Vidonge vilivyobaki anamwekea mtoto atakayeugua baadaye, au anampa jirani.

*Chakula hakuna.* Mgonjwa aliambiwa: "Meza mara tatu kwa siku baada ya kula." Nyumbani wanakula mara moja, jioni. Basi anameza mara moja, tena kwa moyo mweupe, akiamini anafuata neno la daktari.

*Dawa zimemfanya ajisikie vibaya.* Dawa ya damu hubadilisha choo kuwa cheusi. Asiyeonywa mapema huogopa na kuitupa. Wengine huimeza pamoja na chai, na chai huzuia mwili kuipokea vizuri.

*Pesa zimekwisha.* Alinunua dawa za siku mbili, akatumaini kupata nyingine.

*Hakuelewa.* Karatasi ya dawa iliandikwa kwa Kifaransa, na muuguzi aliieleza haraka wakati ndugu wakitafuta pikipiki ya kurudi.

Katika sababu hizi tano, kengele ya simu haiondoi hata moja peke yake. Kengele humsaidia anayesahau. Yule mwenye njaa, hofu au deni anahitaji mtu wa kumwuliza na kumsikiliza. Hilo ndilo fundisho kubwa la somo letu: simu ikumbushe, lakini mtu ajibu.

3. Njia tatu za kutumia simu

*Kengele ndani ya simu.* Kila simu ina saa yenye kengele. Haihitaji unite wala mtandao. Ikipangwa mara moja, inalia kila siku. Katika simu janja, ile ya kugusa kioo, unaweza kuandika jina karibu na kengele, au kuchagua wimbo fulani kwa dawa fulani. Kuna pia programu zilizotengenezwa kwa ajili ya dawa, ambazo humwuliza mgonjwa kama amemeza na kuhifadhi jibu lake. Zinafaa kwa anayejua kusoma, mwenye simu yake mwenyewe.

*Ujumbe kutoka hospitalini.* Unaweza kuwa ujumbe mfupi wa maandishi, au sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa asiyejua kusoma, na unaweza kusemwa kwa Kiswahili, Mashi, Kinande, Kinyarwanda, Kilingala au lugha nyingine anayoielewa mgonjwa.

*Kupigiwa simu.* Hii inagharimu zaidi, lakini ndiyo inayoleta habari nyingi. Sauti ya mtu husema hata yale ambayo maneno yake hayasemi.

Kikundi chenye uwezo mdogo kianze na kengele kwa wote, ujumbe kwa wengi, na kuwapigia simu wale waliosema wana shida au ambao hawakujibu.

4. Waliojaribu waliona nini?

Majirani zetu wa Kenya walijaribu jambo hili mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza dawa za virusi vya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila wiki ujumbe mfupi, mara nyingi neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili kwamba yuko sawa, au kwamba ana shida. Mwenye shida alipigiwa na muuguzi, na asiyejibu pia alipigiwa. Mwishoni, watu 62 kati ya 100 katika kundi hilo walikuwa wakifuata dawa vizuri, na 50 kati ya 100 katika kundi ambalo halikutumiwa ujumbe.

Tuangalie vizuri: ujumbe ule haukutaja dawa, wala ugonjwa, wala hospitali. Ulikuwa salamu. Mtu yeyote angeuona kwenye simu asingejua lolote. Lakini mgonjwa alijua kwamba kuna mtu anayemwuliza hali yake na anayengoja jibu.

Utafiti mwingine, uliofanyika Chulaimbo karibu na Kisumu na kuchapishwa mwaka 2011, ulilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki kwa muda wa wiki 48. Ujumbe wa kila wiki ulisaidia: 53 kati ya 100 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, na 40 kati ya 100 kwa wasiotumiwa kitu. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti kama hiyo. Kinachopigwa kila siku kwa mwaka mzima huwa kama kelele ya sokoni, sikio huzoea.

Kwa upande wa upasuaji, tuna mfano wa Zimbabwe. Mwaka 2018, zaidi ya wanaume 700 waliotahiriwa hospitalini walishiriki katika utafiti. Baadhi yao walipokea ujumbe kila siku kwa siku 13 wakiulizwa kama kuna tatizo. Aliyekuwa salama hakulazimika kurudi hospitalini kwa ukaguzi, na aliyejibu kwamba ana tatizo aliitwa. Safari za kurudi hospitalini zilipungua sana, na usalama wa wagonjwa haukushuka.

Basi tunajifunza nini? Dawa za maisha yote si sawa na dawa za wiki mbili. Kwa mgonjwa wa upasuaji, swali la kila siku linafaa katika siku za kwanza, ambapo jeraha ni bichi. Baadaye, kwa dawa ya damu ya wiki nyingi, ujumbe mmoja kwa wiki unatosha. Na katika utafiti wa "Mambo?" na ule wa Zimbabwe, ujumbe uliuliza swali, na jibu la mgonjwa lilipata mtu wa kulishughulikia.

5. Ujumbe unaweza kujenga imani, au kuivunja

Mtu anaweza kuuliza: jambo la vidonge linahusu nini na amani? Linahusu sana. Mgonjwa akifa nyumbani wiki moja baada ya upasuaji, mara nyingi familia haisemi "ambukizo". Inasema: "Wamemwua." Na kama muuguzi ni wa kabila lingine, maneno hayo hupata mabawa. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, tuliona uvumi na kutoaminiana vikizaa mashambulizi juu ya vituo vya afya na wafanyakazi wake. Imani iliyovunjika haitengenezwi kwa tangazo la redio peke yake. Inatengenezwa mtu kwa mtu, na kumfuatilia mgonjwa ni nafasi mojawapo.

Lakini simu hiyohiyo inaweza kudhuru. Tuangalie hatari nne.

*Simu si ya mgonjwa.* Katika nyumba nyingi simu ni ya mume, ya kaka au ya jirani. Ujumbe unaotaja fistula, ubakaji, Ukimwi au upasuaji wa uzazi unaweza kumfukuzisha mwanamke nyumbani kwake.

*Simu hupekuliwa.* Njiani, kwenye vizuizi, wenye silaha wanaweza kudai kuona simu. Ujumbe unaosema "jeraha la risasi" unaweza kumfanya mkulima aitwe mpiganaji. Kwa hiyo aina ya jeraha isiandikwe kamwe.

*Deni la hospitali.* Kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni ni jambo linalojulikana katika nchi yetu. Aliyeondoka na deni akiona namba ya hospitali, hajibu, anafikiri anadaiwa. Kwa hiyo namba ya kuwafuatilia wagonjwa isitumike hata siku moja kudai pesa. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajaondoka, na neno hilo litunzwe.

*Upendeleo.* Kama wa upande mmoja wanapigiwa na wa upande mwingine wanasahauliwa, watu wataona. Orodha ya ufuatiliaji ifuate siku ya upasuaji na hali ya mgonjwa. Isifuate jina la ukoo wala mtaa.

6. Hatua saba kabla ya mgonjwa kuondoka

Kazi hii ifanyike siku moja kabla ya kuondoka, si mlangoni. Mgonjwa awepo, na ndugu anayemtunza pia, kama mgonjwa mwenyewe amekubali.

Hatua ya kwanza: uliza ruhusa. "Mama, ungependa tukutumie salamu kwa simu ili tujue hali yako?" Akikataa, asilazimishwe, na matibabu yake yasipungue.

Hatua ya pili: uliza simu ni ya nani. Nani anaishika mchana? Nani usiku? Inachajiwa wapi? Kama inapelekwa kwenye kibanda cha kuchaji kila siku ya pili, muda huo uepukwe.

Hatua ya tatu: linganisha dawa na maisha ya nyumbani. Uliza wanakula saa ngapi. Dawa inayohitaji chakula ipangwe na chakula, au muuguzi amwulize daktari kama inaweza kumezwa na uji kidogo au ndizi.

Hatua ya nne: panga kengele pamoja. Mgonjwa au ndugu yake abonyeze mwenyewe, muuguzi aangalie tu. Hapa kuna mtego wa saa. Kwa Kiswahili tunasema saa mbili asubuhi, lakini simu inaandika 08:00. Aliyepanga 02:00 ataamshwa usiku wa manane. Kwa dawa ya kila baada ya masaa 8, andikeni hivi:
- saa kumi na mbili asubuhi: 06:00
- saa nane mchana: 14:00
- saa nne usiku: 22:00

Hakikisheni kengele imewekwa kulia kila siku, na kwamba simu haitazimwa. Simu nyingi za zamani za vitufe zililia hata zikiwa zimezimwa. Simu janja nyingi hazilii.

Hatua ya tano: kubalianeni neno la salamu. Mgonjwa achague. Kwa mmoja ni "Habari ya nyumbani?" Kwa mwingine ni "Shamba linaendeleaje?" Jibu liwe fupi: 1 kama ni salama, 2 kama kuna shida. Asiye na unite abipu tu, naye atapigiwa.

Hatua ya sita: fundisha dalili za hatari. Homa, usaha au harufu mbaya, jeraha kufunguka, damu nyingi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida. Dalili hizi hazingoji ujumbe wa kesho. Mgonjwa aende mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Hatua ya saba: mwombe arudie. "Baba, nieleze sasa utakavyomeza dawa hizi nyumbani." Kama amekosea, kosa ni la maelezo. Anza upya bila kumgombeza.

Mgonjwa ajue pia kwamba akikosa dozi, asimeze mbili kwa pamoja ili kulipa. Akikumbuka mapema ameze. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, aendelee na hiyo. Kwa parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima, usiku na mchana, hata kama maumivu yanamsumbua.

7. Anayejibu awe nani?

Hospitali ikituma swali na jibu la "2" likakaa siku tatu bila kusomwa, ni afadhali isingetuma. Mgonjwa aliyefungua mdomo na hakusikilizwa hatafungua tena. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu huyaficha maradhi pale anapoona kuyasema hakuna faida.

Kwa hiyo kuwe na simu moja ya kazi, inayobaki hospitalini na kupokezanwa kwa zamu kama funguo. Isiwe simu ya muuguzi binafsi, kwa maana akihama au akilala, wagonjwa wanabaki hewani. Pembeni yake kuwe na daftari: tarehe, namba ya mgonjwa badala ya jina lake, jibu, na hatua iliyochukuliwa. Daftari lifungiwe. Unite ziwekwe katika bajeti ya mwezi kama vile pamba na dawa ya kusafishia vidonda.

Mgonjwa asiyejibu kwa siku mbili apigiwe simu. Asipopatikana, RECO wa mahali pale aombwe kumtembelea, lakini tu kama mgonjwa alimkubali RECO huyo tangu mwanzo.

8. Mtandao ukikatika

Tusijenge nyumba juu ya nguzo moja. Januari 2015, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi Januari 2019, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi nchini. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, umeme na mawasiliano vilikatika wakati majeruhi walikuwa wengi kuliko vitanda.

Katika siku kama hizo ujumbe haufiki, lakini kengele iliyo ndani ya simu inaendelea kulia maadamu kuna moto kwenye betri. Betri nayo ikiisha, karatasi inabaki. Mpe kila mgonjwa karatasi yenye michoro: jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi, na chini ya kila mchoro idadi ya vidonge. Na juu ya yote, awepo mtu mmoja nyumbani anayejua ratiba kwa kichwa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa mkumbushaji hodari kuliko simu.

Kwa kumalizia

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Dozi iliyokosekana leo ni ufa mdogo. Homa ya wiki ijayo, safari ya kurudishwa hospitalini kwa pikipiki, deni jipya na lawama kati ya familia na wauguzi ndivyo ukuta wenyewe. Swali dogo la "habari ya nyumbani?" linaweza kuziba ufa huo mapema, kama kweli kuna mtu anayesoma jibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni nani mwenye simu na nani anayeazima? Hilo linabadilisha nini kwa mwanamke aliyepasuliwa?
2. Je, kuna mtu tunayemjua aliyeacha dawa? Bila kutaja jina, sababu ilikuwa nini? Kengele ingemsaidia, au alihitaji kitu kingine?
3. Watu wa hapa husema nini hospitali inapowapigia simu? Hofu hiyo ilitoka wapi?
4. Someni ujumbe huu: "Usisahau antibiotiki za jeraha lako la risasi. Hospitali." Una makosa gani? Andikeni mwingine ulio salama.
5. Igizeni wawili wawili: mmoja muuguzi, mwingine mgonjwa asiyejua kusoma. Pangeni kengele tatu kwa saa za Kiswahili, kisha kikundi kiangalie kama zimewekwa sawasawa.
6. Kwa mwezi ujao, kikundi chetu kinaweza kufanya jambo gani moja pamoja na kituo cha afya kilicho karibu? Nani atalifanya, na lini tutaulizana?